Shamba Lililogawanywa Ndani ya Eda

Ukifika kijijini Mitole ukataka kumjua Zakia binti Seifu, usimuulize habari za ukoo wake. Muulize ni mkorosho upi unaotangulia kuchanua. Atakupeleka shambani akuonyeshe mmoja mmoja, na kila mkorosho atakutajia kwa jina kama mzazi anayetaja wanawe. Huu ni Mvivu, huu ni Bibi Harusi, na ule pale ulikuwa Mgomvi, maana matawi yake yalikuwa hayaelewani na ya jirani. Mungu hakuwajaalia mtoto wa tumboni, yeye na marehemu mumewe Ibrahimu Likwata, na hakuwahi kumnung'unikia Mola wake kwa hilo. Ardhi ile alipewa na mama yake mzazi. Mbegu za korosho alizibeba mwenyewe kwenye pindo la kanga, na miche ilipokuwa michanga waliinywesha maji ya kisima yeye na Ibrahimu, kwa zamu, huyu akipumzika yule anakwenda.

Ni mwanamke mpole, hilo kila mtu atakuambia. Kuku wa jirani akiingia jikoni mwake humtoa kwa kumbembeleza. Sauti yake ilikuwa haijawahi kuvuka uchochoro. Lakini upole wa mtu ni kama majivu ya jikoni. Ukiyaona meupe usikimbilie kutia mkono, huenda chini kuna kaa.

Kaa la Zakia liliwashwa na shemeji yake, Majid Likwata, mdogo wake Ibrahimu.

Ibrahimu alifariki mikorosho ikianza kutoa maua. Zakia akaingia eda kama inavyompasa mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume. Akavaa nguo zisizo na nakshi, akaweka kando wanja na manukato, akakaa ndani. Waliomfunda zamani walimwambia kwamba mwenye eda hatoki nje, hasemi na mwanamume asiye maharimu wake, na akikiuka, marehemu hapati raha kaburini. Zakia alimpenda Ibrahimu. Hakutaka apate taabu hata ya ukucha.

Siku moja asubuhi akasikia viti vinapangwa barazani kwake. Ukoo wa Likwata ulikuwa umekuja kikao. Alijua kwa sababu mke wa Majid aliingia jikoni na kumwomba achemshe chai ya wageni. Akachemsha, akatia sukari yake na tangawizi yake, mke wa Majid akatoka nayo. Yeye akabaki upande wa pili wa ukuta, akisikia vijiko vinavyogonga vikombe.

"Mwenye mti ni aliyeupanda," ilisema sauti ya Majid, "na aliyepanda ni kaka yangu. Kaka hayupo, miti imerudi kwa nduguze."

Mzee mmoja akauliza, "Na mjane je? Ameulizwa?"

"Mjane yumo ndani ya eda. Mwenye eda hazungumzi mambo ya mashamba na wanaume. Au mnataka tumtie dhambini?"

Nani atake kumtia mjane dhambini? Mzee mwingine akaomba aongezewe chai.

Zakia aling'ata pindo la kanga mpaka likalowa. Neno moja tu lingetosha. Angesema kwa sauti, "Ardhi ni ya mama yangu," na ukuta wa udongo usingelizuia neno hilo. Hakulisema. Alihofia Ibrahimu angelala vibaya kaburini. Wakagawana shamba lake akiwasikia, wakaomba dua, wakaondoka, vikombe wakamwachia aoshe.

Eda ilipokwisha alioga, akavaa kanga mpya, akaenda shambani kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Korosho zilikuwa zimeshaokotwa. Mabibo yalikuwa yametapakaa chini yakinuka uchachu, nzi wakiyashangilia. Kibanda cha kupumzikia hakikuwa na paa. Na Mgomvi ulikuwa umekatwa chini kabisa, ili gari la kubebea magunia lipate njia.

Hapo hakulia. Alikaa juu ya kisiki, akakipapasa, na moyoni akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema juu ya kiumbe yeyote wa Mungu: Majid, nitakuona.

*

Alhamisi iliyofuata alifunga ubani na udi kwenye kitambaa, akaenda kwa Maalim Yassin, mwalimu wa madrasa. Alipita njia kuu mchana kweupe, watu wakimwona na kifurushi chake, Majid akiwa mmoja wao.

"Maalim, nimekuja unisomee Halbadiri," alisema. Kisomo hicho kila mtu wa pwani anakijua. Aliyedhulumiwa hukipeleka kwa Mungu, na aliyedhulumu hubaki akisubiri kitakachomfika.

Maalim Yassin aliutazama ubani, hakuugusa. "Unataka asomewe nani?"

"Maalim unamjua."

"Namjua. Sikusomei."

"Kwa nini? Hakunidhulumu?"

"Amekudhulumu. Lakini kisomo hiki si kijiti cha kufukuzia mbuzi. Mwenye njia nyingine akakimbilia hiki, humrudia. Wewe umeshajaribu njia gani?"

"Ningejaribu lini, maalim? Nilikuwa ndani ya eda. Sikuruhusiwa kutoka."

Mzee yule alivua miwani. "Nani alikwambia hukuruhusiwa? Mwenye eda akiwa na haja ya lazima hutoka mchana, akaitimiza, akarudi kulala kwake. Kutetea mali yako ni haja. Hata kuwajibu kutoka nyuma ya pazia ungewajibu, wala usingekuwa umetenda kosa."

Zakia akasema polepole, "Kwa hiyo walinifunga kwa kamba ya Mungu, na Mungu mwenyewe hakuifunga."

"Ndivyo."

"Hilo ndilo sitamsamehe."

Maalim hakubishana naye. Alimweleza tu tangazo alilolisoma msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Kule Kilwa Masoko, nyuma ya soko, kuna kituo cha msaada wa sheria, na chuo kimoja cha sheria cha Dar es Salaam kimefanya nacho ushirikiano. Wanafunzi wanaletwa kujifunza kazi kwa vitendo, wakisimamiwa na wakili, na mwananchi asiye na uwezo anasikilizwa bure. "Nenda huko kwanza," alisema. "Ubani wako rudi nao. Ufukize nyumbani, ni harufu njema."

*

Alipanda bodaboda mpaka Kilwa Masoko, kanga ameikaza, tasbihi mkononi.

Ofisini alimkuta binti mmoja mwembamba mwenye miwani, amekaa nyuma ya meza, na kwenye pembe mwanamume mtu mzima aliyeshughulika na gazeti. Binti alisimama. "Shikamoo mama. Karibu. Mimi naitwa Benadetha, ni mwanafunzi. Yule ni msimamizi wangu, Wakili Fidelis. Utazungumza na mimi, na yeye atasikiliza. Una neno juu ya hilo?"

"Marahaba mwanangu. Sina neno. Hata daktari huanza kwa kumdunga mtu sindano yake ya kwanza."

Nyuma ya gazeti wakili alicheka.

Zakia akasimulia. Benadetha akawa anamkatiza. Ardhi hiyo ulikabidhiwa na nani, mbele ya nani, kikao kilikuwa lini, nani alikuwepo. Alipouliza jambo lilelile mara ya pili, gazeti likashuka.

"Unamvuta kuelekea jibu unalolitaka wewe," Wakili Fidelis alisema. "Weka kalamu chini. Mwache mama afike mwisho, maswali yako hayaozi."

Binti aliona haya, akaweka kalamu. Zakia akafika mwisho, kwenye kisiki cha Mgomvi.

"Sasa mama," Benadetha aliuliza kwa upole, "unataka nini hasa?"

"Nataka alie."

Kalamu ikabaki hewani. "Wakili, hili..."

"Andika."

"Lakini sheria haina..."

"Mteja amesema. Andika alivyosema. Halafu mweleze sheria inaweza kumpa nini na haiwezi kumpa nini. Hiyo ndiyo kazi yetu."

Benadetha akaandika, kisha akainua macho. "Mama, sheria inaweza kukurudishia shamba. Shemeji yako hakuteuliwa na mahakama kusimamia mirathi, na ardhi yenyewe unasema ni ya mama yako, haikuwa ya marehemu kabisa. Lakini machozi ya mtu sheria haigawi."

"Basi tuanze na shamba," Zakia alisema. "Machozi nitayatafuta mwenyewe."

Kulikuwa na tatizo moja, na wakili hakumficha. Mama yake Zakia alishatangulia mbele ya haki, na alipompa binti yake ardhi hapakuandikwa kitu. Bila shahidi, mbele ya baraza la ardhi litakuwa neno la mjane dhidi ya neno la Majid, na Majid ana ukoo mzima nyuma yake. Shahidi alikuwa mmoja tu: Abdulatifu, mwenye shamba la mpakani, aliyekuwepo mpaka ulipowekwa na aliyewaona wakipanda.

Zakia alimwendea jioni ileile. Abdulatifu alimpa kigoda, akamsikiliza, akakuna kisogo.

"Dada Zakia, yote usemayo ni kweli. Lakini pampu ya kupulizia dawa hapa kijijini ni ya nani?"

"Ya Majid."

"Basi. Nikitoa ushahidi dhidi yake, msimu wa kupuliza salfa nitakwenda kwa nani? Mikorosho yangu ipigwe na ugonjwa wa ubwiriunga, watoto wangu wale nini? Nisamehe dada. Nitakuombea dua."

"Dua ninazo," Zakia alisema, akainuka. "Ulimi wako ndio nilioufuata."

*

Mwezi ule wanafunzi walitakiwa kupeleka vijijini kile walichokiita baraza la mfano, yaani kesi ya kuigiza mbele ya watu, ili wao wajifunze kuhoji na wanakijiji waijue sheria. Benadetha alipangiwa Mitole. Akaja kwa Zakia mapema, kumweleza.

"Wakili ameniambia kesi yako tusiiguse hata kidogo. Tumebuni mjane mwingine, wa pwani, ana nyumba na ngalawa. Shemeji anamnyang'anya akiwa ndani ya eda."

"Na shemeji atakuwa nani?"

"Tutaomba mwanakijiji ajitolee. Watu wakiigiza wenyewe hawasahau."

Zakia alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. "Viti na kipaza sauti mtavipata kwa Majid. Hapa hana mwingine."

"Mama, huyo si ndiye..."

"Ndiye. Viti havina kesi, mwanangu."

Hakusema zaidi. Lakini alimjua shemeji yake kama anavyoijua miti yake. Majid hajawahi kukodisha kipaza sauti akakiacha mkononi mwa mtu mwingine. Harusini ndiye msemaji, kwenye mikutano ndiye anayekaribisha wageni, hata mazishini hutangaza yeye kaburi lilipo. Mahali penye watu wanaotazama, Majid hakai chini. Zakia alimaliza kupepeta mchele wake, akaenda kutawadha.

Siku yenyewe turubai lilifungwa uwanja wa shule. Majid alikuwepo, amevaa kanzu ya Idi na koti. "Moja, mbili. Moja, mbili," alikijaribu kipaza sauti, ingawa kilikuwa kinasikika vizuri tangu moja. Akamwuliza Benadetha kwao wapi.

"Nimezaliwa Dar, mzee, lakini kwetu Newala. Ni Mmakonde."

Uso wa Majid ulichanua. Watu wa kwetu Kilwa na Wamakonde ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana unacheka, na anayemkasirikia mtani huonekana hana adabu. "Kumbe mtani wangu huyu," alisema kwenye kipaza sauti. "Jamani, leo tumeletewa mwanasheria anayekula panya buku."

"Tunawala, mzee," Benadetha alimjibu, "lakini sisi tunawachuna kwanza. Nyie mnameza na mkia."

Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Majid akacheka kuliko wote, na hapo mambo yake yakaanza kuharibika.

Mwanafunzi mwingine alikaa kiti cha mwenyekiti wa baraza. Wakili Fidelis alikuwa Lindi kwenye kesi. Benadetha alieleza kisa cha mjane wa nyumba na ngalawa, akaomba mtu wa kuigiza shemeji. Kabla hajamaliza, Majid alikuwa ameshasimama.

Benadetha alimjua vyema ni nani. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye jalada kwa mkono wake mwenyewe. Akatupa jicho upande wa wanawake. Zakia alikuwa ameinama, shanga za tasbihi zikipita vidoleni taratibu.

"Mzee wangu," Benadetha alisema, "si lazima iwe wewe. Wewe tuazime kipaza sauti tu. Tuchague mwingine."

"Mtani, unaniogopa?"

"Sikuogopi. Nakushauri. Hili jambo la mjane, ni afadhali achukue mtu mwingine."

"Mmesikia? Mmakonde ananiogopa," Majid aliwaambia watu, na watu wakaanza kumpigia makofi, "Majid, Majid." Akaketi kiti cha mdaiwa, akakunja nne.

Benadetha alishusha pumzi. "Haya. Bwana Shemeji, wewe ndiye uliyechukua nyumba ya mjane?"

"Mimi. Na ngalawa nimechukua, na nyavu nimechukua. Kama angekuwa na paka ningemchukua." Kicheko.

"Ulimuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini, mtani wangu? Yumo ndani ya eda."

"Si ungesubiri atoke?"

Majid aliwageukia watu wake. Alikuwa anafurahi, na mtu mwenye furaha ulimi wake hauna mlango. "Nyie wala panya hamna akili. Mwanamke akitoka eda ana mdomo. Mambo ya mjane unayamaliza angali ndani. Unaita kikao, unakunywa na chai yake mwenyewe, anakusikia na hawezi kukujibu. Siku anatoka, magunia yameshakwenda mnadani."

Kicheko kilianza, kikafika katikati, kikakatika.

"Magunia ya nini, mzee?" Benadetha aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Sisi kesi yetu ni ya nyumba."

"Ya korosho," Majid alisema.

Halafu akasikia alichokisema. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, kikawapelekea watu pumzi zake, moja baada ya nyingine, mpaka nyuma kabisa walikokaa watoto.

Upande wa wanawake mtu alisimama. Zakia binti Seifu, ambaye sauti yake ilikuwa haijavuka uchochoro, alisema bila kipaza sauti na uwanja mzima ukamsikia. "Endelea, Bwana Shemeji. Na Mgomvi alikuzuia nini mpaka ukaukata?"

"Mzee, naomba tuishie hapa," Benadetha alisema haraka. "Hili lilikuwa igizo. Tumalizie hapa."

"Utani tu huu," Majid alisema, akijaribu kucheka. "Jamani, neno la utani halina kesi. Si ndiyo?"

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja mzee, aliyekuwa ameketi mkekani na wajane wenzake, alijifunga kanga na kuinuka. "Utani hauna magunia," alisema, akaondoka. Wanawake wakaanza kumfuata mmoja mmoja, wakipita mbele ya kiti cha Majid, bila kumtukana wala kumtazama. Alibaki na viti vyake.

Zakia alitoka wa mwisho. Alipofika mbele yake alisema kwa adabu, "Kwaheri shemeji. Chai ilikuwa tamu?"

*

Wakili Fidelis alipopata habari alimweka Benadetha kitako. "Ungelisimamisha mara tu alipokaa kile kiti."

"Nilimwambia achague mwingine, mbele ya watu wote."

"Najua. Ndiyo maana nakuonya tu, sikufukuzi." Kisha akamgeukia Zakia, ambaye alikuwa amekuja kuuliza kesi itafunguliwa lini. "Na wewe mama, usije ukadhani tumeshinda. Maneno ya kwenye igizo siyapeleki barazani kama ushahidi. Bado nahitaji mtu aliyeona kwa macho yake."

"Mtu huyo yuko nje," Zakia alisema. "Tumekuja bodaboda moja."

Abdulatifu aliingia akivua kofia. Hakusubiri kuulizwa. "Pampu nitaazima kijiji kingine. Nisipopata, mikorosho yangu na ipate ubwiriunga. Mimi nyumbani sina usingizi. Tangu siku ile ya uwanjani mke wangu ananipa chakula hasemi neno. Jana kasema moja tu. 'Abdulatifu, ukifa wewe, na mimi nitakaa eda. Nataka kujua ni nani atakayekuja kuninywea chai.'"

Benadetha akachukua kalamu, kisha akakumbuka, akaiweka chini. "Tuambie, baba. Tangu mwanzo. Sitakukatiza."

Kesi ilisikilizwa. Benadetha hakuruhusiwa kusimama, kwa kuwa bado ni mwanafunzi, lakini maelezo yote aliyaandaa yeye, akakaa nyuma ya wakili akimpa karatasi kila aliponyoosha mkono. Majid alikuja na wazee wa ukoo. Wawili tu. Wengine walikuwa na udhuru. Alipoulizwa kama mjane aliitwa kikaoni, alisema yumo ndani ya eda. Alipoulizwa kikao kilikaa nyumba ya nani, alikohoa. Abdulatifu alieleza alivyomwona mama yake Zakia akitembea mpakani na binti yake, wakichomeka vijiti, na alivyomwona Zakia na mbegu kwenye pindo la kanga.

Baraza likatamka kwamba shamba ni la Zakia binti Seifu, na Majid Likwata atoe mkono wake.

Benadetha alimkumbatia. Zakia alimshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru wakili, akamwombea binti maisha marefu. Lakini wakati wote huo jicho lake moja lilikuwa kwa Majid, aliyekuwa anateremka ngazi. Alimtazama usoni kwa makini. Macho yalikuwa makavu kama kokwa.

Sheria ilikuwa imetoa ilichoahidi. Kilichobaki kilikuwa juu yake.

*

Kilichobaki kilijileta chenyewe. Msimu ule wa salfa Majid alianza kuumwa jino. Jino ni jino tu, humuuma tajiri na maskini. Lakini Majid alikumbuka kifurushi cha ubani kilichopita njia kuu siku ya Alhamisi. Akamtuma mkewe kwa Maalim Yassin kuuliza kama Halbadiri ilisomwa.

"Sijasoma, wala sitasoma," maalim alisema, na alisema kweli.

Majid hakumwamini. Mtu aliyezoea kupindisha maneno haamini yaliyonyooka. Akasema basi Zakia amekwenda kwa mwalimu mwingine, mwenye kisomo kikali zaidi. Jino likang'olewa, la pili likaanza. Mbuzi wake akatoa mimba, akasema ndiyo hiyo. Gari likazama kwenye matope njia ya Pande, akasema ndiyo hiyo.

Zakia alichofanya ni kitu kidogo. Kila Alhamisi jioni alifukiza ubani nyumbani kwake, kama maalim alivyomshauri. Ni harufu njema, na upepo wa jioni huelekea kwa Majid. Mtu akimuuliza kama alisoma au hakusoma, alijibu, "Mungu ndiye ajuaye."

Maalim Yassin alikwenda kumkanya. "Mwondolee mwenzio shaka. Neno moja tu."

"Sijamdanganya, maalim. Wala yeye hajaniuliza. Anatuma watu. Aje mwenyewe, mchana, shambani kwangu, aniulize."

"Moyo wako una giza bado."

"Unang'aa kidogo kidogo, maalim. Niombee."

Majid akaja. Ilikuwa wakati wa kuokota. Zakia amekaa chini ya Bibi Harusi, anatenga korosho na mabibo, kapu hili na kapu lile. Kwenye kisiki cha Mgomvi chipukizi jipya lilikuwa limefika urefu wa goti. Majid alisimama mpakani, shavu limevimba, kichwa amekizungushia kitambaa. Hakuvuka mpaka.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Jino linaendeleaje?"

"Ndilo lililonileta." Alikikaza kitambaa cha kichwani. "Zakia, niambie kwa haki ya marehemu kaka yangu. Ulinisomea?"

Zakia alilishika bibo mkononi, halijatengwa. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lingetoka, mtu yule angekwenda nyumbani akalala. Alikumbuka ukuta wa udongo, na vijiko vikigonga vikombe, na ladha ya kanga mdomoni.

"Jambo zito hilo, shemeji," alisema kwa upole wake wote. "Haliwezi kuamuliwa na mwanamke. Iteni kikao cha ukoo. Nyie kaeni, mzungumze. Mimi nitawachemshia chai, halafu nitasikiliza nyuma ya ukuta."

Majid alilishika shavu lake. Kama lilikuwa jino, kama lilikuwa jingine, Zakia hakuuliza. Chozi lilitoka jicho la kushoto, likashuka juu ya uvimbe, likachukua njia ya pembeni ya pua. Akalitazama mpaka likafika kidevuni na kudondoka.

Kisha akainama, akaendelea kutenga korosho zake.

Adhuhuri ile, baada ya kusali, aliomba toba. Hakuirefusha.